Nyumba ni Yenu, Mlango ni Wetu: Barua ya Wazi kwa Wenye Nyumba wa Isevya

Kwa baba zetu na mama zetu mnaopangisha nyumba katika Kata ya Isevya, Manispaa ya Tabora.

YAH: KUINGIA VYUMBANI MWA WAPANGAJI BILA TAARIFA



Mimi ni mpangaji. Nimeishi katika kata hii kwa miaka kadhaa, katika nyumba zaidi ya moja, na baadhi yenu mmeniona nikihama na godoro juu ya mkokoteni. Nawaandikia kuhusu jambo ambalo sisi wapangaji hulizungumza uani tukifua, tukisubiri maji au tukipepea jiko la mkaa, lakini hatujawahi kulileta mbele yenu kwa adabu na kwa uwazi. Baadhi yenu mnaingia vyumbani mwetu tukiwa hatupo, na wakati mwingine tukiwepo, bila kutuambia wala kutuomba.

Muuguzi ametoka zamu ya usiku, amelala. Saa nne asubuhi ufunguo unazunguka kitasani, baba mwenye nyumba anaingia na fundi kutazama dari. Mwanafunzi wa chuo anarudi jioni, anaambiwa na jirani kwamba dalali alileta watu kukiona chumba chake kwa kuwa kodi inakaribia kuisha. Kitanda hakikuwa kimetandikwa na nguo zake za ndani zilikuwa kwenye kamba. Mwingine anatoka safari anakuta pasi na jiko la umeme havipo, vimechukuliwa kwa sababu vinamaliza LUKU. Mzazi aliyejifungua juzi anafunguliwa mlango akiwa ananyonyesha, na anayeingia hata hashtuki.

Mimi mwenyewe niliwahi kurudi kutoka kazini nikakuta karatasi zangu za benki na za hospitali zimeguswa na kupangwa upya mezani. Hakuna kilichoibiwa. Nilipouliza, nilijibiwa: “Kwani wewe una nini cha kuficha?” Sikujibu siku ile, kwa sababu aliyeuliza alikuwa mkubwa wangu na ndiye aliyeshika kodi yangu ya miezi sita. Jibu langu ni kwamba mtu hahitaji kuwa na cha kuficha ndipo astahili kufunga mlango wake. Ugonjwa wangu si siri ya jinai, lakini ni wangu. Deni langu la benki ni langu. Usingizi wa muuguzi ni wake, na mwili wa mama anayenyonyesha ni wake.

Najua na ninyi mna ya kwenu. Wengi wenu mlijenga kidogokidogo, tofali kwa tofali, kwa mshahara wa reli, wa ualimu au kwa fedha za tumbaku, na leo nyumba hiyo ndiyo pensheni yenu. Mmewahi kupata mpangaji aliyehama usiku akaacha deni. Mmewahi kukuta nyaya zimeungua kwa sababu mtu alipikia jiko la koili kwenye soketi mbovu. Wengine mmeitwa kituoni kueleza habari za mtu mliyempa chumba mkidhani ni mfanyabiashara, kumbe sivyo. Hofu hizo ni za kweli, na mtu asiwaambie kwamba hamna haki ya kujua hali ya mali yenu. Mnayo. Ninachosema ni kwamba haki hiyo ina utaratibu, na utaratibu wenyewe haukuanza na barua hii.

Tuanze na Katiba. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake, unyumba wake, maskani yake na mawasiliano yake. Haikuweka sharti kwamba hifadhi hiyo ni ya mwenye hati ya nyumba peke yake. Aliyelala kwenye chumba kimoja cha kupanga anahifadhiwa sawasawa na aliyelala kwenye nyumba yake ya vyumba vinne.

Halafu kuna Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999. Sheria hii inakubali kwamba upangaji wa mwaka mmoja au pungufu unaweza kufanywa hata kwa mdomo, na ndivyo tunavyofanya wengi hapa Isevya: tunahesabu fedha, tunapewa ufunguo, basi. Lakini kutoandikiana hakumaanishi hakuna masharti. Kifungu cha 88 kinayahesabu baadhi ya masharti kuwa yamo ndani ya kila upangaji, na mojawapo ni kwamba mpangaji anayelipa kodi na kutimiza wajibu wake ataachwa akae kwa amani na utulivu, bila kuingiliwa na mwenye nyumba wala mtu aliyetumwa naye. Kifungu kinachofuata kinamgeukia mpangaji na kumtaka amruhusu mwenye nyumba kuingia kukagua hali ya nyumba, kwa nyakati zinazofaa. Vifungu hivyo viwili vikisomwa pamoja, maana yake iko wazi. Mnaruhusiwa kuingia, na anayetoa ruhusa ni mpangaji. Anaweza kulaumiwa akiinyima bila sababu, lakini hamuwezi kuichukua wenyewe kwa ufunguo wa akiba mfukoni.

Sheria ya Kanuni za Adhabu nayo inasaidia kuliona jambo hili. Kosa la kuingia kijinai, katika kifungu cha 299, linamhusu mtu anayeingia isivyo halali katika mali iliyo mikononi mwa mwingine kwa nia ya kutenda kosa, au ya kumtisha, kumtukana au kumuudhi. Kinachoangaliwa ni mali iko mikononi mwa nani wakati huo, siyo nani aliyeijenga. Sisemi haya ili tupelekane polisi. Nasema ili tuelewane kwamba mnapopokea kodi, mnabaki na nyumba na sisi tunakuwa na mlango, mpaka muda uishe. Tabora tunakodishana mashamba kila msimu, na sijaona aliyekodisha shamba lake akaingia katikati ya msimu kuchuma mahindi kwa kuwa ardhi ni yake.

Hata askari polisi, pamoja na mamlaka yote aliyonayo, kwa kawaida anahitaji hati ya upekuzi ili aingie nyumbani kwa mtu kutafuta kitu. Na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka hati hiyo itekelezwe kati ya mawio na machweo, isipokuwa mahakama imeruhusu saa nyingine. Kama dola, inayomtafuta mwizi au muuaji, imewekewa saa na karatasi, mwenye nyumba anayetafuta kujua kama mpangaji ana hita ya maji anapata wapi uhuru wa kuingia saa yoyote?

Penye upungufu ni hapa. Sheria yetu inasema nyakati zinazofaa, lakini haisemi ni saa ngapi. Zamani tulikuwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi ya Pango ya mwaka 1984, iliyokuwa na mabaraza yake ya nyumba. Ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mwenye nyumba na mpangaji wameachiwa mkataba wao. Asiyejua kuandika mkataba, au asiye na nguvu ya kuudai, anabaki na alichoambiwa mlangoni siku anakabidhiwa ufunguo.

Nchi nyingine zimeziba pengo kama hilo kwa maneno machache tu. Uingereza, sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 1985 inamruhusu mwenye nyumba kuingia kukagua hali ya nyumba katika saa zinazofaa za mchana, baada ya kumpa mpangaji taarifa ya maandishi ya saa 24. California, Marekani, nako ni taarifa ya maandishi ya saa 24 kwa kawaida, katika saa za kawaida za kazi, na sheria inakataza waziwazi haki hiyo isigeuzwe kuwa njia ya kumsumbua mtu. Ontario, Kanada, ni saa 24 pia, kati ya saa 2 asubuhi na saa 2 usiku. New Zealand wameongeza ulinzi: ukaguzi unahitaji taarifa ya saa 48, na haufanywi zaidi ya mara moja katika wiki nne. Afrika Kusini, Sheria ya Nyumba za Kupangisha ya mwaka 1999 inamtaja mpangaji kwa jina kuwa na haki ya faragha, na mwenye nyumba anakagua kwa namna ya kiungwana baada ya taarifa inayotosha. Jirani zetu wa Kenya waliandika katika Ibara ya 31 ya Katiba ya mwaka 2010 kwamba mtu ana haki nyumba yake isipekuliwe. Uganda walipitisha sheria mpya ya wenye nyumba na wapangaji mwaka 2022, inayozuia pia kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama.

Kesi moja ya Ujerumani inastahili kusimuliwa. Mwenye nyumba mmoja, mwanamke, aliahidiana na mpangaji wake aje kuangalia ving'amuzi vya moshi vilivyokuwa vimefungwa. Alipofika akataka kutazama nyumba nzima. Akaingia vyumba vingine mpangaji akiwa anakataa, akafungua dirisha na kuondoa vitu vilivyokuwa mbele yake. Akaambiwa atoke, hakutoka. Mpangaji akamzungushia mikono kiwiliwili, akambeba na kumweka nje ya mlango. Yule mama akavunja mkataba na kudai nyumba yake. Shauri likapanda hadi Mahakama ya Shirikisho ya Haki, na tarehe 4 Juni 2014 majaji wakaamua kwamba mkataba haukuvunjika: aliyevuka mpaka kwanza ni mwenye nyumba, kwa kuwa alikaribishwa kwa ving'amuzi na si kwa nyumba nzima. Siwaombi wapangaji wa Isevya wambebe mtu yeyote. Mzazi habebwi, na kwetu jambo kama hilo lingekuwa aibu ya ukoo mzima. Ninachotaka mkichukue ni kanuni ya majaji wale: ruhusa ya kuingia inaishia pale sababu yake inapoishia. Ukija kutazama dari, tazama dari.

Na tusidhani haya ni mambo ya Wazungu. Mji huu ulikuwa unapokea wapita njia kabla ya reli kufika mwaka 1912. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipoingia Kazeh, Tabora ya wakati ule, mwezi Novemba 1857, walipokelewa na mfanyabiashara Mwarabu Snay bin Amir na wakapewa nyumba ya kukaa. Livingstone alikaa miezi kadhaa katika tembe la Kwihara mwaka 1872, akisubiri wapagazi kutoka pwani. Njia ile ya misafara ilibeba pia pembe za ndovu na watumwa, wala sina nia ya kuipamba. Lakini angalieni jinsi matembe ya wafanyabiashara wale yalivyojengwa: baraza pana ya nje ya kukaa na kuzungumza, sebule ya kupokelea wageni, na ndani kabisa vyumba vya familia ambavyo mtu wa nje hakuvifikia. Mipaka ya nani anaishia wapi ilikuwa imejengwa kwa udongo, kila aingiaye aione.

Dini zetu nazo zimelisema. Waislamu wenzangu mnajua kwamba Surat an-Nur inatukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na kutoa salamu, na tukiambiwa turudi, turudi. Sura hiyohiyo inawataka hata watoto wa ndani waombe ruhusa katika nyakati tatu za mapumziko: kabla ya alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo, na baada ya isha. Kama mtoto anaomba ruhusa kwa wazazi wake, sisi kwa sisi je? Na Wakristo mnayo katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24: anayemdai jirani yake asiingie nyumbani kwake kuchukua rehani, asimame nje, mdaiwa amletee mwenyewe. Huyo ni mtu anayedaiwa kweli, na bado mlango wake umeheshimiwa.

Kwa hiyo nawaomba tukubaliane mambo yafuatayo, tuyaandike kwenye karatasi moja, na kila mkataba wa chumba katika mitaa yetu uambatanishwe nayo.

Kwanza, taarifa itolewe siku moja kabla, kwa mdomo au kwa ujumbe wa simu, ikitaja sababu na saa. Ujumbe wa simu unatosha, na unabaki kuwa ushahidi kwa wote wawili.

Pili, kuingia kuwe kati ya saa 2 asubuhi na saa 12 jioni, mpangaji akiwepo au akiwa amemteua mtu wa kumwakilisha. Anayefanya kazi usiku asikilizwe kuhusu saa inayomfaa.

Tatu, ukaguzi wa kawaida uwe mara moja kila miezi mitatu. Matengenezo yafanyike kila yanapohitajika, kwa taarifa ileile.

Nne, dharura haina taarifa. Moto ukiwaka, maji yakifurika, gesi ikinuka, au mtu akizidiwa ndani, ingieni hata kwa kuvunja, na tutawashukuru. Lakini muingie pamoja na jirani au kiongozi wa mtaa, na mpangaji apigiwe simu saa hiyohiyo.

Tano, ufunguo wa akiba ukiwepo, mpangaji ajue kwamba upo na uko kwa nani. Usitembee mikononi mwa watoto wa nyumba, fundi wala dalali.

Sita, chumba kisionyeshwe kwa mpangaji mpya mpaka mwezi wa mwisho wa kodi, na kwa miadi. Asiyekuwepo kitu chake kisiguswe wala kisipigwe picha.

Saba, kodi ikichelewa, msifunge chumba kwa kufuli lenu, msichukue televisheni, msitoe vyombo nje. Nendeni Baraza la Kata kwa usuluhishi. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 kazi ya baraza hilo katika migogoro ya ardhi ni kusuluhisha, na likishindwa ndani ya siku 30 shauri linaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ni njia ndefu kuliko kufuli, lakini inampa kila mmoja nafasi ya kusikilizwa.

Na sisi wapangaji tuwe na wajibu wetu kwenye karatasi hiyohiyo. Tutoe taarifa mapema bomba likivuja au waya ukianza kunuka, tusisubiri dari ishuke. Tusibadilishe kitasa kimyakimya. Tukisafiri kwa muda mrefu tumwambie mwenye nyumba na kumwachia namba ya simu. Fundi akija kwa miadi, tumfungulie, tusimzungushe. Vifaa vinavyokula umeme tukubaliane mwanzoni namna ya kuchangia LUKU, ili mtu asipate sababu ya kuingia kuvihesabu. Na kodi tuilipe kwa wakati, maana anayekwepa kodi anawaharibia wenzake wote wanaodai heshima.

Kwa wenyeviti wa mitaa na Afisa Mtendaji wa Kata: karatasi hii inaweza kuwekwa katika ofisi zenu, mwenye nyumba na mpangaji waisaini mbele ya shahidi na kila mmoja aondoke na nakala. Haihitaji bajeti, inahitaji mkutano mmoja wa wakazi. Kwa Mheshimiwa Diwani na Baraza la Madiwani: Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982 inawapa uwezo wa kutunga sheria ndogo. Tunatungiwa sheria ndogo za usafi na za masoko. Chumba anacholala mtu hakistahili kusahaulika. Na kwa Wizara yenye dhamana ya nyumba na Bunge: maneno yale ya nyakati zinazofaa yapewe saa, kama walivyofanya wengine, ili mpangaji wa Isevya asitegemee wema wa mtu aliyempata kwa bahati.

Wazee wangu, mkilikubali hili mtapata kitu pia. Mpangaji anayejua kwamba mlango wake hauguswi hukaa miaka mingi, hupaka rangi kwa fedha yake, huita fundi kabla hajaambiwa, na siku akihama huleta mwenzake wa kuaminika. Anayeingiliwa hujifunza kuficha: hufunga kitasa cha pili, hasemi neno, halafu siku moja huondoka usiku. Hofu mliyokuwa mnaikimbia inakuwa imeletwa na ufunguo wenu wenyewe.

Naomba suala hili liwekwe kwenye ajenda ya mkutano ujao wa mtaa. Nitakuja, na wapangaji wengine watakuja. Njooni na karatasi zenu, mpinge mnachoona hakifai, mrekebishe saa mnazoona hazitekelezeki, kisha tusaini wote.

Wenu mtiifu,

Mpangaji,
Isevya, Tabora.

Nakala: Wenyeviti wa Mitaa, Isevya, Afisa Mtendaji wa Kata, Mheshimiwa Diwani, Mkurugenzi wa Manispaa ya Tabora.